UZI: Banatuonyesha video ya theluji, na pasareli yetu inaoza hapa hapa Lubumbashi

Bandugu salama, ba papa na ba mama wa huku ndani heshima yenu. Leo nimechoka kunyamaza. Kampuni sitaitaja, benye banafanya kazi ku njia ya Kasumbalesa ao ile ya Likasi batajijua benyewe, juu hii mambo haiko kwetu tu.

Nazungumuza juu ya pasareli. Ile ngazi ya chuma ya kukunja, yenye inatoka ku jukwaa ya kupakiza, unaishusha inalala yulu ya siterne ya kamio, ni kusema tanki ya lori, unapita pale mpaka ku kifuniko, unafungua, unapima, unaingiza bomba, unafunga, unarudi. Kwetu tunapakizaka asidi ya silfiriki, ile inaendaka ku bausine kwa kutoa shaba na kobalti mu mawe. Kamio hazikomake, muchana na usiku, na kila kamio lazima mutu apande yulu, mita tatu na zaidi.

Sasa benye habajaikala Lubumbashi banawazaka Kongo yote ni joto tu. Mukuye mwezi wa saba mutaona. Muji uko karibu mita 1,200 yulu ya bahari, asubuhi baridi inashukaka chini ya digri 10, mama wa kuuza beignet pale ku lango anafikaka amejifunga vitenge vitatu na bado anatetemeka. Theluji hakuna kweli. Lakini umande! Chuma inalala inje usiku muzima chini ya mbingu wazi, inapoa kupita hata hewa yenyewe, saa kumi na moja unafika unakuta kila kipande cha ngazi kinatoka maji, hendireli maji, kifuniko maji, na uko umevaa mabuti yenye kisigino kililainika zamani juu mabuti mapya "iko mu komande" tangu mvua ya mwaka jana.

Na kuko kintu ingine yenye bashefu habapendake kusikia. Asidi yenyewe, ile nzito ya 98 kwa mia, haikule chuma sana, njo maana inatembea mu siterne ya chuma Kasumbalesa mpaka huku bila shida. Lakini tone moja ikidondoka ku ngazi ikikutana na umande, inakuwa asidi ya maji, na asidi ya maji njo inakula chuma vizuri vizuri. Kwa hiyo baridi kwetu haitelezeshi tu, inakulisha ngazi kwa asidi kila asubuhi. Mukipanda pale mutaona: kile kipande cha tatu ukitoka chini, ile meno ya kushika kiatu imeisha, imekuwa laini kabisa, pembeni unaweza kubandua kutu kwa kidole ikatoka kama ganda, na mutu fulani alikifunga na waya. WAYA. Ku pasareli ya asidi. Resori (springi) ya upande wa kushoto ilikatika, ile resori njo inabeba uzito ili ngazi ishuke polepole, sasa inashuka kwa kujitupa, tunaishikilia na kamba bantu wawili. Na kaje, ile ya kuzunguka kifuniko ili ukiyumba usiende chini, imefungwa yulu na haishuke tena, juu balisema inachelewesha kupakiza.

Sasa mufike ku formasyo, ile mafunzo ya usalama. Balituita mu sali ya mikutano, mutu wa sekirite na proyektori yake, banatuwekea video. Muzungu na koti kubwa, kofia ya manyoya, anafagia theluji ku pasareli. Sali yote ikacheka, mumoja akauliza "shefu, hii theluji ni ya Likasi ao ya Kolwezi?" Kisha banapitisha karatasi, saini hapa, saini hapa. Ile karatasi njo walikuwa wanatafuta. Siku mutu akianguka banaitoa mu klaseri: huyu alifundishwa, ona saini yake.

Lakini mi niliangalia ile video mpaka mwisho na njo hasira yangu ilianzia pale. Juu ile muzungu anafanya bintu yenye siye hatunaye hata moja! Mbele ya kushusha ngazi anatoa theluji yote, si kwa usafi, ni juu theluji iko na uzito, resori ilipangwa kubeba ngazi peke yake, ukiongeza mzigo inashuka mbio inakupiga. Anaangalia kila maungio kama barafu haijaikamata, na hapigi na nyundo juu atapasua. Grisi yao ni ya baridi, juu grisi ya kawaida ikipoa sana inakuwa ngumu na ngazi haiende. Banasema chumvi inayeyusha barafu lakini inakula chuma, kwa hiyo ukiitumia lazima kukagua kutu mara kwa mara. Vipande vya ngazi viko na matundu na meno ili theluji idondoke chini isijikusanye. Kuko paa yulu ya jukwaa. Kuko taa, nyingi, juu kule wakati wa baridi usiku ni mrefu. Kwingine banapitisha hata nyaya za kupasha moto chini ya ngazi. Na kaje inashuka MBELE mutu hajakanyaga siterne, si kisha. Ngazi ikiwa na barafu na haijasafishwa, mutu hapandi, na hakuna mwenye anamufokea.

Sasa niambieni, ni nini pale yenye haituhusu? Hatuombe nyaya za moto bakubwa! Tunaomba burashi na matambara ya kupangusa umande. Tunaomba paa ya bati, bati tu, ile ya kufunika nyumba ku Katuba, juu chini ya paa umande haushukake vile. Balinunua video ya kinga ya baridi, kinga yenyewe balikataa kununua. Kule Marekani sheria ya kazi inasema mu bausine mutu akifika yulu ya futi 4, ni kusema mita 1.2, lazima kuwe kintu ya kumuzuia kuanguka. Siye tuko mara tatu ya pale, na kintu ya kutuzuia ni maombi ya mama.

Basi mwezi wa saba kijana mumoja wa kwetu akaanguka. Jurnalie, mutu wa kulipwa siku kwa siku, mutoto wa bantu, hata ndevu hazijajaa. Asubuhi bado giza, taa ilikuwa inawaka moja upande wa pompi, zingine zilikufwa. Alikuwa anashuka na chupa ya sampuli mu mukono. Kiatu kikateleza pale pale ku kipande cha tatu. Akavunjika mfupa wa bega, Mungu akasaidia chupa ikaangukia upande ingine, na mi nakimbia ku dushi ya dharura, ile ya kujimwagia kama asidi inakugusa, navuta mukono wa dushi, kavu! Robine ilifungwa chini "juu ilikuwa inavuja".

Raporo ikatoka. Munajua iliandikwa nini? Uzembe wa mufanyakazi, hakushika hendireli na mikono mbili. Sasa angeshika na mikono mbili namna gani na chupa iko mukononi? Mu ile video yao yenyewe banasema mwili ushike ngazi ku sehemu tatu kila wakati, miguu mbili na mukono moja ao mikono mbili na muguu moja, na kintu ya kubeba inapanda na kamba ao mu mfuko wa kujifunga. Tuliomba mfuko. Mfuko wa turubai! Ku soko ya Kenya, ile ya hapa hapa Lubumbashi, fundi anakushonea kwa bei ya sahani mbili za bukari na samaki. Jibu: andika barua.

Na juu ya nini bajurnalie njo banapandishwa kila mara? Kodi ya kazi, ni kusema kitabu cha sheria ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mutu wa kazi ya siku kwa siku akimaliza siku 22 mu miezi mbili, mukimuita tena mbele ile miezi mbili haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo karibu na 22 banamwambia "pumzika kidogo, tutakuita", analetwa mwingine mupya, mwenye hajui kama kipande cha tatu kimekufwa. Siye wa zamani tunakirukaka bila kufikiri, muguu unajua wenyewe. Mupya anakanyaga. Banabadilisha mutu haraka kuliko kubadilisha kipande cha chuma.

Ile sheria inasema tena kuwe komite ya usalama na usafi mu kazi. Ya kwetu iko, nimeona majina yamebandikwa ku ukuta, ya kwanza ni ya mutu mwenye alihamia Kolwezi zamani.

NAONGEZA juu ya benye banajibu huko chini:

Weye mwenye umeandika "vaeni harnesi": harnesi, ile mikanda ya kujifunga usianguke, ziko, zimefungwa na kufuli mu biro ya mutu wa sekirite ili zisichafuke wakati wa ukaguzi. Na hata ukinipa, nafunga wapi? Kabo ya yulu hakuna. Nifunge ku hendireli yenye inatikisika? Nifunge ku siterne yenyewe, dreva akisogeza kamio na mi niko nimefungwa pale? Ile pia ilishakaribia kutokea, dreva mumoja alitaka kuondoka na pasareli bado imelala yulu ya siterne yake, juu hakuna kizuizi mbele ya magurudumu, ni kelele zetu tu njo zilimusimamisha.

Weye wa "acheni kazi kama ni mbaya": nipe namba ya shefu wako nikuye kesho.

Na mama mwenye ameuliza kama kijana alitangazwa ku CNSS, ile kesi ya serikali ya bima ya bafanyakazi, asante mama, njo swali. Banatuambia jurnalie habahusike. Mi siamini. Kama kuko mutu huku ndani, wa sendika ao wa inspeksyo ya kazi, mwenye alishaona ajali ya jurnalie ikatangazwa na akalipiwa lopital, aandike hapa ni karatasi gani familia ipeleke na kwa biro gani, juu bega bado iko mu bandeji na franga ya dawa tunachanga siye wenyewe ku lango, kila siku ya malipo.