Tupeane uzoefu: kamba wako wa kwanza waliishia wapi?

KambaMwekundu

Habari za muda huu wakuu. Kila wiki kuna mtu anaona picha moja ya tangi la kioo lenye maji na mimea, kamba wadogo wekundu wanatembea juu ya majani, anaingia kichwakichwa. Wiki tatu baadaye anauliza, "Mbona kamba wangu wamekuwa rangi ya waridi na hawatembei?" Ndugu yangu, akishakuwa wa waridi, tena mzito kama aliyechemshwa, huyo katangulia.

Naanza na aibu yangu. Tangi la lita 40, mchanga mweusi, kisiki kimoja, mimea ya kutosha. Siku ya nne maji yaling'aa nikaona tayari. Nikaingiza kamba 15, hawa Neocaridina davidi ambao karibu kila mtu huanza nao. Siku mbili za mwanzo walikuwa wanachakura majani bila wasiwasi. Ya tatu wakajikusanya kona moja. Ya tisa nilibaki na wawili, na mmoja wao nilikuwa namhesabu kwa huruma tu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba maji kuwa maangavu si kuiva. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo mimea huila. Amonia na nitriti ni sumu kwa kamba hata kwa kiasi kidogo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji ya kichujio na kwenye mchanga, mimi niliwapa siku nne. Raundi ya pili nilipima kila baada ya siku mbili mpaka amonia na nitriti zote mbili zikasoma sifuri, halafu nikaongeza wiki nzima ya woga. Kamba wa raundi hiyo wana wajukuu sasa.

Haya, wako waliishia wapi? Nadharia tuache, leta kilichokukuta.

Dada Majani

Wa kwangu waliuawa na mbu. Yaani dawa ya mbu.

Nilikuwa na zaidi ya 60, wote wamezaliwa kwangu. Jioni moja nikapuliza dawa chumba cha pili, sio hata chumba chenye tangi. Nikafunga mlango nikaenda zangu. Narudi baada ya saa mbili, nakuta kamba wanaogelea kwa kasi wanazunguka kama wamepandwa na kichaa, na kamba mzima huwa haogelei hivyo, hutembea. Wengine wamelala chali, vile vimiguu vya tumboni vinapepea tu, vinapepea, kisha vinasimama kimoja kimoja. Nilikaa pale na taa ya simu naangalia, sina la kufanya.

Pampu ya hewa ndiyo iliyonimaliza. Inavuta hewa ya nyumbani na kuipuliza majini kupitia jiwe la mapovu, kwa hiyo chochote kilichoko hewani inakishusha mpaka chini. Dawa nyingi za kupuliza zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi, na kamba kimwili ni ndugu wa karibu wa wadudu kuliko wa samaki. Kipimo ambacho samaki anaweza kukivumilia, yeye kinamlaza.

Nilibadilisha maji, nikaweka kaboni (mkaa wa kunyonya sumu) kwenye kichujio, nikaokoa sita. Siku hizi kabla ya kupuliza chochote nazima pampu, nafunika tangi kwa taulo lenye unyevu, nafungua madirisha mpaka harufu iishe. Na mikono yenye mafuta ya kufukuza mbu haiingii kwenye maji yangu. Mume wangu anacheka. Na acheke.

Mgeni wa Maji

Dada, pampu yangu iko chini ya kitanda na jana ndiko nilikopuliza. Natoka kazini sasa hivi.

Mzee wa Mosi

Pole Dada Majani, na wewe Mgeni tupe majibu ukifika.

Mimi wangu hawakufa, ila niliwazika. Mwezi wa kwanza kila asubuhi nakuta kamba mmoja amelala mchangani, mweupe, hana uhai. Namtoa kwa kibano, namfukia kwenye chungu cha maua. Nimefukia kama saba. Siku moja nikamshika mmoja kwa vidole nikaona hana uzito, ni kama karatasi ya kitunguu. Mgongoni kuna ufa mdogo, miguu yote ipo, hadi zile ndevu, lakini ndani hamna mtu. Nikahesabu walioko tangini: wote 20 wapo. Nilikuwa nafanyia mazishi magamba.

Kamba hujivua gamba (msiingize siasa hapa) kila anapokua, watoto mara nyingi zaidi kuliko wakubwa. Gamba liacheni majini, watalila wenyewe, lina madini wanayoyahitaji kujengea jipya. Mimi nilikuwa nawanyang'anya kalsiamu yao na kuipa maua.

Hatari ipo kama hawezi kulivua. Utaona mstari mweupe umemzunguka pale kichwa kinapokutana na mwili, kama amekatwa na uzi. Wengi hawapiti hapo. Mara nyingi chanzo ni madini haba kwenye maji, au mtu amebadilisha maji mengi kwa mpigo na maji mapya hayafanani na ya zamani, kamba anashtuka na kujivua kabla ya wakati. Ndiyo maana sibadilishi zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki, na yanaingia kwa mrija mwembamba uliofungwa fundo, tone tone.

Fundi Gesi

Mzee umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mtu wa mimea kwanza, kamba walikuja baadaye kama wafanyakazi wa usafi. Zulia la kijani sakafuni, mimea myekundu nyuma, mtungi wa kaboni dayoksaidi ya kulisha mimea, taa kali. Kile kichupa cha kioo cha kupimia gesi, chenye maji yanayobadilika rangi, kilikuwa cha bluu kila siku, maana yake gesi haitoshi. Nikafungua kidogo. Bado bluu. Nikafungua tena, nikalala.

Kosa ni kwamba kile kichupa huchelewa saa kadhaa kuonyesha kilichoko majini. Asubuhi kilikuwa cha njano. Kamba wote walikuwa wamepanda juu kabisa, wameng'ang'ania mirija na ukingo wa kioo, wawili wametoka nje na kukauka sakafuni. Kijani ndiyo tunayoitafuta, kama miligramu 30 kwa lita. Njano ni balaa. Na usiku gesi haina kazi, kwa sababu bila mwanga mimea haiitumii, nayo yenyewe inapumua oksijeni kama sisi. Sasa valvu yangu iko kwenye saa: inafunga saa moja kabla ya taa kuzima.

Nikisema ukweli, kama lengo lako ni kamba, gesi huihitaji. Mimea kama mosi ya Java, Anubias, jimbi la Java na Cryptocoryne inaishi na taa ya kawaida saa 6 hadi 8 kwa siku. Ukizidisha taa unafuga mwani.

Kijani Kibichi

Naongezea kwa Fundi, maana hiyo Anubias ndiyo iliyonitia hasara. Nilizika lile shina nene linalotambaa ndani ya mchanga nikidhani napanda muhogo. Likaoza, likanuka. Ile hufungwa kwa uzi kwenye jiwe au kisiki, mizizi itashika yenyewe. Na Cryptocoryne ukiihamisha majani yote yanaweza kuyeyuka ndani ya wiki. Usiing'oe! Mizizi iko hai, itachipua. Mimi niliitupa.

Jingine: mimea mipya ikae kwenye ndoo kwanza, na maji ya ndoo yabadilishwe mara kwa mara. Mingine hupigwa viuadudu huko ilikokuzwa, na mingine huja na wageni. Nililetewa planaria hivyo, vile viminyoo bapa vyenye kichwa cha pembetatu vinavyoteleza kwenye kioo usiku. Niliviua kwa dawa ya minyoo ya wanyama yenye fenbendazole. Kamba walibaki, konokono wangu wa mistari wakafa wote. Hilo sikuambiwa.

Bila Vipimo

Mnatisha watu bure. Nina tangi mwaka wa tatu, sijawahi kupima kitu. Sponji, mosi, majani makavu ya mkungu, chakula mara mbili kwa wiki. Kamba wamejaa mpaka nagawa.

KambaMwekundu

@Bila Vipimo, hebu jibu kwa ukweli: lilikaa muda gani kabla hujaweka kamba?

Bila Vipimo

Miezi mitatu. Nilikuwa sina hela ya kamba.

KambaMwekundu

Basi uliivisha kwa umaskini, mkuu. Wote tungekuwa na bahati hiyo! Ila ya kulisha mara mbili kwa wiki naiunga mkono. Ule utando laini unaoota juu ya majani ya mkungu na visiki ndio chakula chao hasa. Chakula kikibaki mpaka kesho yake, umezidisha.

Nahodha

Mimi nina hadithi ya ukaidi. Nilinunua kamba wa Amano, Caridina multidentata, wale wakubwa wenye vidoti ubavuni. Wameitwa hivyo kwa ajili ya Takashi Amano, yule Mjapani mpiga picha aliyewapa umaarufu kwenye matangi ya mimea miaka ya 1980 kwa kuwa wanakula mwani. Jike wangu akabeba mayai, mamia, madogo kama vumbi. Nikatangaza kwa kila mtu kwamba nitakuwa na kamba wa kugawa.

Yakaanguliwa usiku. Asubuhi kulikuwa na vijinukta vinacheza mbele ya taa, kesho yake hakuna kitu. Jike akabeba tena, yakapotea tena. Mara ya tatu ndipo nikajua: Neocaridina huzaa watoto 20 au 30 ambao ni kamba kamili, wadogo tu, wakati Amano huzaa viluwiluwi vinavyotakiwa kwenda baharini. Kwenye mto wa kwao vinasombwa na mkondo mpaka maji ya chumvi, vinakulia huko, ndipo vinarudi mtoni.

Nikaweka ndoo ya maji yenye chumvi ya bahari, nikafuga mwani wa kijani wa kuwalisha, nikawahamisha kwa tochi: wanafuata mwanga, unawanyonya kwa bomba la sindano. Kati ya mamia, waliovuka na kurudi maji baridi ni wanne. Wanne! Baada ya zaidi ya mwezi wa kuamka alfajiri. Mke wangu aliuliza kama siwezi kununua wanne. Naweza.

Rangi Saba

Fupi: nilichanganya wekundu, wa bluu na wa njano tangi moja ili papendeze. Hizo zote ni spishi moja, zinazaana. Baada ya vizazi vichache nina kamba wengi wenye afya, karibu wote rangi ya chai hafifu. Ndiyo rangi yao ya asili. Samaki wangu tu ndiye anayewafurahia.

Mgeni wa Maji

Wakuu nimerudi. Pampu nimeihamisha iko juu ya kabati karibu na dirisha, godoro liko nje linapigwa upepo. Nimebadilisha maji kidogo kidogo kama Mzee alivyosema. Nilikuwa nao 12, nimehesabu mara tatu kwa tochi, napata 11. Wanatembea, wanachakura, sijaona anayezunguka.

Ila mmoja, mkubwa kuliko wote, ana kitu cha kijani kibichi nyuma ya kichwa, mgongoni, kama ametandikwa tandiko. Jana sikukiona. Ni dawa imemdhuru?

Mzee wa Mosi

Hapana mdogo wangu. Hayo ni mayai, hayajashuka bado. Akijivua gamba utaona madume wanazunguka tangi zima kama wamechanganyikiwa wanamtafuta, na hapo usishtuke ukadhani ni dawa. Baadaye yatakuwa tumboni, atayapepea kwa miguu wiki tatu au nne.

Huyo wa 12 angalia nyuma ya kichujio.

Mgeni wa Maji

Yupo.