Msaada: kata ya mjini vifo 5.4, kijijini 7.5, msimamizi kasema huwezi kulinganisha hivyo

Nyemo wa Makulu
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, namalizia ripoti ya utafiti ya stashahada, nimekwama mahali nilipodhani ni pa dakika tano.

Nina kata mbili. Moja ya mjini, imejaa wapangaji: wanachuo, watumishi waliohamia na serikali, bodaboda, mama lishe. Nyingine iko kijijini upande wa Chamwino. Huko vijana wengi wameshaondoka, wamebaki bibi, babu na wajukuu. Namba nimezibadilisha ili kata zisijulikane, kwa hiyo msizinukuu popote, zichukueni kama mfano tu.

Kata A (mjini), watu 20,000:
miaka 0–14: watu 6,000, vifo 30
miaka 15–59: watu 13,500, vifo 54
miaka 60 na zaidi: watu 500, vifo 24

Kata B (kijijini), watu 10,000:
miaka 0–14: watu 4,200, vifo 21
miaka 15–59: watu 4,800, vifo 12
miaka 60 na zaidi: watu 1,000, vifo 42

Nimegawanya vifo kwa watu: A ni 5.4 kwa kila watu 1,000, B ni 7.5. Nikaandika aya nzuri kwamba kijijini wanakufa zaidi kwa sababu huduma ziko mbali. Msimamizi kaipiga mstari mwekundu yote, pembeni kaandika "Umri je?" Basi. Simu hapokei.

Nimesoma kuhusu kusanifisha kwa umri, naona kuna njia mbili na kuna kitu kinaitwa idadi sanifu ya watu. Sanifu kwa nani? Naombeni mnieleze kama mtoto wa darasa la tano.

Kiranja Mkuu
Mtoto wa darasa la tano hana stashahada dada. Ila naweka kambi hapa, hilo somo nililikimbia.

Kalkuleta
Nyemo, msimamizi kakupa maneno mawili na yanatosha. Angalia kata yako ya mjini: wazee 500 kati ya watu 20,000. Kijijini wazee 1,000 kati ya 10,000. Wazee hufa zaidi popote walipo, kwa hiyo kijiji kitaonekana kibaya hata kama kila mtu huko anatunzwa vizuri kuliko mjini. 5.4 na 7.5 zinakwambia nani ana wazee wengi kabla hazijakwambia nani ana afya.

Anza na kiwango cha kila rika. Gawanya vifo vya rika kwa watu wa rika hilo hilo, zidisha kwa 1,000:

A: watoto 5, watu wazima 4, wazee 48
B: watoto 5, watu wazima 2.5, wazee 42

Umeona? Hakuna rika hata moja ambalo kijiji kimezidi mji. Watoto wako sare, kwingine kote mji uko juu. Lakini ukivichanganya kwenye sufuria moja, kijiji ndicho kinaonekana kinaua.

Sasa njia ya moja kwa moja. Unaziuliza kata zote mbili swali moja: kama mngekuwa na mchanganyiko uleule wa umri, vifo vingekuwa vingapi? Mchanganyiko huo ndio idadi sanifu. Wengi wanatumia ule wa Shirika la Afya Duniani, uliotengenezwa kutokana na wastani wa muundo wa umri wa dunia uliokadiriwa kwa miaka 2000 hadi 2025. Ukijumlisha makundi yake kwenye marika yako matatu unapata karibu 26, 62 na 12 kwa kila 100.

A: (5 × 0.26) + (4 × 0.62) + (48 × 0.12) = 1.30 + 2.48 + 5.76 = 9.54
B: (5 × 0.26) + (2.5 × 0.62) + (42 × 0.12) = 1.30 + 1.55 + 5.04 = 7.89

Imegeuka. Na usije ukaandika kwamba mjini wanakufa watu 9.54 kwa 1,000, maana hakuna aliyekufa kwa kiwango hicho. Ni namba ya kulinganishia tu. Ukibadili idadi sanifu nayo inabadilika. Ile idadi sanifu ya zamani ya mtafiti Segi, ya mwaka 1960, ina vijana wengi zaidi, wazee wangepewa uzito mdogo. Kwa hiyo ukikuta ripoti ya nchi nyingine iliyosanifishwa kwa kipimo kingine, usiiweke meza moja na yako.

Nyemo wa Makulu
Yaani niliandika kinyume kabisa! Kwa hiyo nifute, niandike mjini ndiko wanakufa zaidi?

Kalkuleta
Taratibu. Kwenye hiyo 9.54, 5.76 nzima imebebwa na vifo 24 vya wazee 500. Mwakani wakifa 18 badala ya 24, namba yako inashuka mpaka 8.10. Nimekupigia mipaka ya asilimia 95, yaani namba inaweza kuyumba kwa bahati tu kati ya wapi na wapi: A ni kama 7.1 hadi 12.0, B ni 6.0 hadi 9.7. Zinapandana. Huwezi kusimama mbele ya watu na kusema mji umezidi.

Vifo vikiwa vichache hivi, watu hukimbilia njia ya pili, isiyo ya moja kwa moja. Chukua viwango vya kijijini, vipige kwenye watu wa mjini: 30 + 33.75 + 21 = 84.75. Hivyo ndivyo vifo ambavyo ungetarajia mjini kama wangekuwa wanakufa kwa kasi ya kijijini. Vilivyotokea ni 108. Gawanya, unapata 1.27, yaani vimezidi matarajio kwa asilimia 27. Kwa kawaida viwango vya kuazima vinatoka kwenye idadi kubwa, mkoa au taifa, siyo kijiji chenye vifo 75. Na ukiwa na kata tano zilizopigwa kwa njia hii, kila moja ilinganishe na hicho kipimo, usizilinganishe zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kila moja imepimwa kwa umri wake.

Mzee wa Rejista
Hesabu za Kalkuleta hazina kasoro, lakini mmekimbilia kuzidisha kabla ya kuuliza hizo namba zimetoka wapi. Nimefanya kazi na rejista za vifo miaka mingi, vituo vya huku huku kati. Nyemo mwanangu, hivyo vifo vya mjini umevitoa kwa mtendaji wa kata au hospitali?

Nyemo wa Makulu
Shikamoo mzee. Nimevitoa kwenye rejista ya kituo kikubwa kilicho ndani ya kata hiyo. Vya kijijini nimepata kwa watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya ya jamii.

Mzee wa Rejista
Marahaba. Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtu anaugua Bahi, anaugua Kongwa, analetwa mjini, anafia wodini. Wewe umemhesabu juu ya mstari wa kugawanya, kwenye vifo, kama mtu wa mjini; chini ya mstari, kwenye idadi ya watu, hayumo kwa sababu sensa ilimkuta kwao. Kuna safu ya makazi kwenye rejista, mara nyingi imeandikwa kwa haraka, lakini ipo. Irudie.

La pili ni umri. Fungua safu ya umri utakuta 60, 70, 60, 80, 65, 70. Hakuna binadamu wanaokufa kwa kuruka sifuri na tano namna hiyo, mwandishi kakadiria. Mwingine utakuta kaandikwa "mtu mzima" tu. Aliyekuwa na 57 akiandikwa 60, amehama rika, na rika lako la wazee wa mjini lina watu 500 tu. Wazee wetu wa Kigogo wanahesabu kwa matukio. Bibi yangu alijua amezaliwa baada ya Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, mwaka hakuujua mpaka anaondoka. Ukienda kwa ndugu wa marehemu uliza: Uhuru ulipopatikana 1961 alikuwa anafanya nini? Wakisema alishaanza kuchunga ndama, mpe miaka saba au nane, rudi nyuma, unaangukia 1953 au 1954. Si kamili, lakini ni bora kuliko 70 ya mezani.

Mama Zabibu
Naongezea la chini ya mstari. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Nyemo, Agosti wanachuo wako kwenye hizo nyumba za kupanga au wako makwao? Mimi nina vyumba sita, mwezi huo vinne huwa na makufuli.

Kiranja Mkuu
Mama Zabibu kaja na takwimu za makufuli 😂 Lakini ana hoja.

Nyemo wa Makulu
Wakuu nimerudi, siku nne sikuonekana. Nimekaa na rejista mpaka mhifadhi akaniletea kiti chake. (Namba nimezibadilisha vilevile kama mwanzo.) Kati ya vifo 108 vya mjini, 28 makazi yao ni nje ya kata: watoto 4, watu wazima 17, wazee 7. Nimewatoa. Vimebaki 26, 37 na 17. Nimesanifisha upya, mji umeshuka kutoka 9.54 hadi 6.91. Kijiji 7.89. Imegeuka tena!

Kalkuleta
Nimehakiki, 6.91 ni sahihi. Sasa hao 28, hakuna wa kata B?

Nyemo wa Makulu
Wapo watano. Watu wazima wawili, wazee watatu. Nikiwarudisha kwao B inakuwa 8.51. Lakini yawezekana watendaji walikwishawaandika walipozikwa, nisije nikawahesabu mara mbili.

Mzee wa Rejista
Umeshakuwa mtu wa rejista. Chukua majina, nenda nayo kijijini, kaa na mtendaji mlinganishe mmoja mmoja. Na muulize kuhusu wale waliorudishwa wakiwa wagonjwa wakafia nyumbani, kuna wapangaji wa mjini ndani yake.

Nyemo wa Makulu
Asante sana mzee. Basi la saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu. Ile aya nimeifuta, sijaandika nyingine.