Mjadala: Kambi za mitihani zinawafunza watoto kusoma Kiingereza, au kuwinda majibu?

Mwalimu wa Kiingereza, Wete

Assalaamu alaykum. Nalileta hili hadharani kwa sababu kwenye vikao vya walimu tunalipita juu juu. Kwa somo la Kiingereza, hasa sehemu ya ufahamu, kambi zetu kama zinavyoendeshwa sasa hazimfunzi mtoto kusoma. Zinamfunza kuwinda.

Kwa asiyezijua, kambi ni zile wiki za mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, au ule wa kidato cha nne wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Watoto wanalala skuli, wazee wanachangia mchele na fedha, walimu pamoja na vijana waliomaliza wanasomesha mpaka usiku. Nia ni njema, na wengi wanaosomesha hawalipwi kitu.

Ila tazameni kipindi cha Kiingereza kinavyokwenda. Kifungu cha mtihani wa zamani kinaandikwa ubaoni, watoto wananakili, na nusu ya muda imeshakwenda hapo. Kisha wanapewa mbinu: anza na swali, shika neno kuu, litafute kwenye kifungu, ukiliona nakili sentensi nzima. Mwalimu anasahihisha, anafuta ubao, kinaandikwa kifungu kingine.

Juzi niliwatungia kidato cha pili hadithi fupi ya Kiingereza. Mvuvi alikuwa akienda baharini kila asubuhi. Mwanawe akaugua, fedha za matibabu hana, akauza ngalawa. Siku hizi anachoma makaa. Swali: kwa nini mvuvi haendi tena baharini? Bahari imetajwa kwenye sentensi ya kwanza tu. Karibu darasa zima wakaniandikia, kwa hati nzuri na bila kosa la herufi, kwamba mvuvi alikuwa akienda baharini kila asubuhi.

Nikamwita mmoja wao, nikamwambia anihadithie kwa Kiswahili. Akahadithia yote mpaka makaa. Nikamuuliza, basi kwa nini haendi tena? Akanishangaa: “Maalim, si keshauza chombo!”

Kwa hiyo hadithi kaielewa. Kilichomponza ni ile mbinu. Hoja yangu ni kwamba kifungu kizungumzwe kwanza kwa Kiswahili, maana yake ikae, ndipo mtoto aandike jibu kwa Kiingereza. Na vifungu vyenyewe tuvipunguze. Karibuni mnipinge.

Mzazi, Mwanakwerekwe

Maalim, nakupinga kwa heshima. Wewe unazungumzia elimu, mimi nazungumzia Novemba, mwezi wa mtihani wa kidato cha nne. Kuingia kidato cha tano mtoto anatakiwa awe na C zisizopungua tatu. Mwanangu mkubwa alizipata tatu kamili, na moja ilikuwa ya Kiingereza, na aliipata baada ya kukaa kambi akajibu mitihani ya zamani mpaka akaota. Kama ni kuwinda, basi aliwinda akapata kitoweo.

Tena tusidanganyane. Wenye nacho watoto wao wanakisikia Kiingereza tangu nasari, na jioni wana mwalimu wa tuisheni nyumbani. Sisi tuisheni yetu ni kambi. Mkianza kuipunguza kwa ajili ya nadharia, watakaoumia ni wa kwetu.

Mwalimu mstaafu, Chake Chake

Nyote mna haki, lakini mnabishana kama kwamba jambo hili limeanza jana. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliandika ripoti juu ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania. Walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu Kiingereza kiasi cha kufuata masomo. Hata hivyo wakapendekeza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na ukafuata mradi wa fedha za Uingereza ulioleta vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi ili wanafunzi wa sekondari wasome kwa wingi. Yaani hata waliotaka Kiingereza kibaki hawakusema watoto wajibu maswali usiku kucha. Walisema wasome vitabu.

Huku kwetu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikataka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wazo lilikuwa mtoto akifika sekondari awe ameshazoea. Lakini mtoto hawezi kuizoea lugha ambayo mwalimu wake mwenyewe anaitumia kwa kubahatisha. Sipigi chuku, nimekaa kwenye madarasa hayo.

Na liko jambo hatulisemi kwa kuogopa kueleweka vibaya. Watoto wetu chuoni, yaani madrasa, husoma msahafu kwa sauti, kwa tajwidi, kabla hawajajua Kiarabu, na kwa Qur-ani kila herufi ina thawabu zake. Mazoea hayo wanakuja nayo skuli. Mtoto anasimama, anakusomea ukurasa mzima wa Kiingereza kama maji, mwalimu anasema hodari, kaa. Hakuna aliyemuuliza kasoma nini. Kifungu cha Kiingereza hakina thawabu ya herufi.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mkoani

Shikamooni. Mimi ndiye mnayenijadili, naomba na mimi niseme.

Kambi ina faida. Nyumbani kwetu msimu wa karafuu ukifika hakuna wa kukuambia ukasome, na taa ya kusomea ni ya kugombania. Kambini angalau unakaa na kitabu. Pia tumejifunza kugawa muda, maana mwaka jana kwenye majaribio niliganda kwenye ufahamu mpaka insha sikuifika.

Lakini maalim wa Wete kasema kweli. Tukiambiwa tufupishe habari, wengi tunachukua sentensi za mwanzo mpaka idadi ya maneno itimie. Swali langu ni hili: skuli yetu ukisikika unasema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza unasimamishwa wima kama adhabu. Sasa huko kuzungumza kifungu kwa Kiswahili tutakufanyia wapi? Na mtihani unataka jibu kwa Kiingereza. Nikishaelewa kwa Kiswahili, maneno ya Kiingereza nitayatoa wapi?

Mwalimu wa Kiingereza, Wete

Marahaba mwanangu. Maneno utayatoa kwenye kifungu chenyewe, ila utayachagua ukijua unatafuta nini. Yule wa mvuvi nilimrudisha kwenye karatasi, nikamwambia nioneshe mstari unaosema kauza chombo. Akauonesha. Nikamwambia sasa uandike kama jibu la “kwa nini”. Akaandika sentensi fupi, kitenzi kimepinda kidogo, lakini jibu ni lake na ni sahihi.

Kipindi ninachokitaka ni hivi. Kifungu kimoja kwa saa nzima, kiwe kimeshachapishwa, karatasi moja kwa dawati. Wasome kimya. Wageuze karatasi chini, waelezane wawili wawili kwa Kiswahili kilichotokea, wabishane. Wafunue, wajibu kwa Kiingereza, na kila jibu lioneshwe mstari wake. Mitihani ya zamani ibaki kwa wiki ya mwisho tu, kwa kuzoea muda na mpangilio.

Kuhusu kusimamishwa kwa kusema Kiswahili, hilo sina uso wa kulitetea. Mtoto wa Unguja na Pemba anaadhibiwa kwa kuelewa.

Mama wa Mwanakwerekwe, C ya mwanao halali yake. Ila muulize huko kidato cha tano kitabu cha Historia anakisomaje.

Mzazi, Mwanakwerekwe

Nimemuuliza. Anasema anapiga picha kurasa anazitia kwenye simu zitafsiriwe. Haya, hapo umenishika.

Lakini hizo karatasi za kila dawati nani atalipa fotokopi? Mchango wetu unaishia kwenye mchele na mafuta.

Mwalimu wa Kiingereza, Wete

Kifungu kimoja kwa siku, si vitano. Hesabu ya karatasi hupungua, na karatasi hizo hizo zinatumika na mkondo wa pili zikikusanywa.

Mzazi, Mwanakwerekwe

Basi nitalisema kwenye kikao cha wazee. Lakini mwanangu wa pili naye namtakia C, hilo siliachi.