Nairobi hadi New York na mzazi mzee: tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Mama yetu anakwenda kwa dada New Jersey, jirani na New York, na nyumbani hatujakubaliana. Wengine wanataka apande ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA, uwanja wa Nairobi, wengine wanasema apitie Ulaya au Doha kwa sababu tiketi tuliyoona ni nafuu. Umbali ni kama kilomita 11,800. Mliosafiri na wazee, tusaidieni.

Mkaazi wa Bronx
Mkuu, saa za kwenye tiketi zisikuchanganye. Ile ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huondoka Nairobi usiku mwingi na kufika JFK, uwanja wa New York, asubuhi, ukadhani safari ni ya saa nane tu. Ni kama saa 15. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7, na majira ya baridi ni 8. Kurudi huwa kama saa 14, kwa kuwa upepo wa juu unavuma kutoka magharibi na unaisukuma ndege. Mimi mwanangu akija, namwambia anitajie saa ya kufika kwa saa za huku, basi.

Binti Likoni
Nilipitia London. Nairobi–London ni karibu kilomita 6,800, London–New York kama 5,500. Jumlisha uone: kuzunguka huko kunaongeza kilomita mia chache tu. Kinachokula muda ni kukaa uwanjani kungoja ndege ya pili. Doha ndiyo inakurudisha nyuma kweli, maana unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ndipo ugeuke. Halafu ukipita Uingereza hakikisha kama pasipoti yake inahitaji viza ya kupita.

Nesi wa Eldoret
Nilimpeleka baba, ana miaka sabini na kitu, miguu inavimba. Mwone daktari kwanza, yeye ndiye aseme kama soksi za kubana zinamfaa. Mkatie kiti cha kando ya njia, asione haya kuwasumbua watu kila akitaka kuinuka. Baba nilimwinua kila baada ya muda, tunakwenda hadi jikoni kwa wahudumu, anasimama, anakunywa maji, tunarudi. Dawa zake zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, na karatasi ya daktari. Kiti cha magurudumu tuliomba tangu siku ya kukata tiketi. Kule JFK mhudumu alimsukuma moja kwa moja hadi uhamiaji, baba akaulizwa maswali akiwa amekaa. Mama kama anasafiri peke yake, mpeni ya moja kwa moja. Hiyo tofauti ya bei mchangishane.

Kariakoo
Sisi wa Dar lazima tuunganishe, walau Nairobi, saa moja na ushee angani. Katieni safari nzima tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika la ndege kumtafutia nyingine.

Mwenye mada
Asanteni sana. Nesi, naomba kuuliza: hicho kiti cha magurudumu kinalipiwa?

Nesi wa Eldoret
Hapana, sisi hatukulipa. Pigeni simu tena siku mbili kabla, mhakikishe kimeandikwa.