Naomba ushauri: vipande vya tumbawe kuungana viwe kimoja
Wakuu habari zenu, nina vipande vya montipora (aina ya tumbawe gumu) vilivyokatwa kwenye tumbawe moja, nimevibandika kwa supagluu ya jeli kwenye jiwe ndani ya tangi langu la maji ya chumvi, vimeachana kama sentimita 1 hivi, maana najua vya mama mmoja, yaani vya tumbawe moja, vikigusana nyama zinashikana vinakuwa kitu kimoja, ila vya mama tofauti vinapigana na mstari wa mpaka unabaki katikati. Sasa viwili vimeshagusana, pale kwenye mshono pameinuka kama tuta na rangi imepauka, vingine viko poa kabisa polipu (vile vinyama vidogo vya tumbawe) zimetoka zimejaa. Kalsiamu ya maji ni 420 ppm, maji yanatembea vizuri. Je ndo vinaungana hivyo au nimeuziwa kipande cha tumbawe lingine? Nayapenda sana haya matumbawe, mwenye uzoefu anisaidie jamani, nivitenganishe au nisubiri?