Kupanda kwa Kevin Anderson: sifa ni za Afrika Kusini au za Illinois?

Raketi ya Mbao:

Wakuu, hili tulijadili bila ushabiki. Kila ikitajwa tenisi ya Afrika kusini mwa Sahara, jina la Kevin Anderson halikosi, na papo hapo tunakumbushwa kwamba ni kijana wa Johannesburg aliyefika namba 5 duniani. Alifika kweli, Julai 2018. Alicheza fainali ya US Open 2017 akafungwa na Nadal seti tatu kavu, na mwaka uliofuata akacheza fainali ya Wimbledon akafungwa na Djokovic. Kabla yake, Mwafrika Kusini wa mwisho kufika fainali ya wanaume pale Wimbledon alikuwa Brian Norton, mwaka 1921. Hayo hayana ubishi.

Ubishi wangu uko kwingine: tenisi ya Afrika Kusini, kwa maana ya chama na viongozi wake, ina haki gani ya kujigamba naye? Fuatilieni alivyopanda. Alizaliwa 1986, akafundishwa raketi na baba yake mzazi. Mwaka 2004 akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Huko akatwaa ubingwa wa vyuo wa wachezaji wawili wawili mwaka 2006, mwaka 2007 timu ya chuo ikafika fainali ya taifa, ndipo akaingia tenisi ya kulipwa. Mke amempata chuoni, makazi kaweka Florida. Hapo katikati nchi iliweka nini zaidi ya pasipoti na bendera ndogo kwenye ubao wa matokeo?

Mimi nasema familia ilimlea, Wamarekani wakammalizia. Kumwita tunda la mfumo wa nyumbani ni kuwapa viongozi wa michezo pa kujifichia. Karibuni.

Nyasi Kavu:

Davis Cup, mashindano ya timu za mataifa, hajaichezea nchi yake tangu 2011. Mimi mjadala ningeufunga hapo.

Mbongo wa Jozi:

Usiufunge mapema, ndugu yangu. Davis Cup ya miaka ile ilikuwa inaingia katikati ya ratiba, seti tano, leo bara hili kesho lile, na Afrika Kusini haikuwa kwenye kundi la juu la dunia. Mchezaji anayemlipa kocha, mtaalamu wa viungo na tiketi zake mwenyewe, wiki moja ikiharibika na msimu unayumba. Sisemi alifanya vizuri, maana watu wa hapa walinung'unika na walikuwa na haki. Ila kukataa mwito hakufuti ulikolelewa.

Sasa nije kwako Raketi. Umeitaja Illinois kana kwamba ilimwokota barabarani. Anderson alipofika pale mwaka 2004, kocha mkuu alikuwa Craig Tiley. Tiley ni Mwafrika Kusini, na aliwahi kuwa nahodha wa timu ya Davis Cup ya Afrika Kusini kabla ya kwenda Australia mwaka 2005, ambako baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa Australian Open. Kwa hiyo hata huko ughaibuni alipokelewa na mtu wa kwao. Na chuo cha Marekani hakigawi ufadhili kwa huruma. Kinamchukua kijana ambaye tayari anajua kucheza. Miaka 18 ya kwanza alicheza wapi? Na nani? Alicheza hapa, na watoto wa hapa, kwenye mashindano ya vijana ya hapa.

Niwakumbushe pia nusu fainali ya Wimbledon 2018 dhidi ya John Isner. Saa sita na dakika 36, seti ya tano 26-24. Wengi wanakumbuka matokeo, lakini mimi nakumbuka pointi moja. Ilikuwa 24-24, Isner anasevu, Anderson akateleza kwenye nyasi akaanguka chini kabisa. Akainuka, hakuwa na muda wa kupanga mkono, akaupiga mpira kwa mkono wa kushoto. Ukavuka neti. Pointi ile akaishinda, gemu ile ya sevu ya Isner akaichukua, akamaliza mechi. Baadaye alieleza kwamba utotoni alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, ikawa anacheza kwa kushoto. Mpigo uliomfikisha fainali haukutoka Illinois, ulitoka Johannesburg.

Raketi ya Mbao:

Mbongo, hiyo ya kushoto umeieleza vizuri na sina la kuipunguza. Ila umenisaidia mimi. Johannesburg ya nani ilimfundisha kushoto? Ya baba yake. Chama hakikuwepo pale. Tunazungumzia mfumo, wewe unanijibu kwa habari za mzazi mmoja mwenye bidii na uwezo wa kumpa mwanawe muda na uwanja. Kwa Tiley ni hivyo hivyo: mtu mwenye kipaji aliyeondoka akafanikiwa kwingine. Ukihesabu waliofanikiwa baada ya kuondoka, unahesabu walioondoka.

Bi Mkubwa:

Nawasoma tangu mwanzo mnasema "nyumbani, nyumbani". Nyumbani kwa nani? Anderson alikuwa hajatimiza miaka minane uchaguzi wa 1994 ulipofanyika. Viwanja vizuri, klabu nzuri na shule zenye makocha vilikuwa upande mmoja wa mji kwa sababu sheria ndiyo iliyoviweka huko. Arthur Ashe, bingwa mweusi wa Marekani, alinyimwa viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini, na aliporuhusiwa mwaka 1973 alicheza Ellis Park, Johannesburg, akafika fainali akafungwa na Connors, akachukua ubingwa wa wawili wawili pamoja na Tom Okker. Safari hiyo ndiyo iliyomfanya apiganie viwanja vijengwe Soweto, mji wa weusi kando ya Johannesburg, na kituo chenye jina lake kipo Jabavu mpaka leo. Mwaka 1974 Afrika Kusini ikatwaa Davis Cup bila fainali kuchezwa, kwa kuwa India iligoma kucheza na nchi ya ubaguzi.

Kwa hiyo swali la "mfumo ulimsaidia au haukumsaidia" lina jibu mbili, kutegemea ulizaliwa mtaa gani. Mfumo wa zamani uliwajengea watu wa rangi ya Anderson viwanja vizuri sana, na chama kipya kikarithi viwanja hivyo pamoja na pengo lake. Baba mwenye bidii yupo Soweto pia. Uwanja ndio haukuwepo.

Na kuna mtu hamjamtaja kabisa. Wikiendi ile ile ambayo Anderson alicheza na Djokovic, Raven Klaasen, mzaliwa wa King William's Town na si mzungu, alicheza fainali ya wawili wawili Wimbledon akiwa na Michael Venus wa New Zealand. Walifungwa seti tano na Mike Bryan na Jack Sock. Waafrika Kusini wawili kwenye fainali za Wimbledon kwa mara moja, na hapa tunamjadili mmoja.

Mbongo wa Jozi:

Bi Mkubwa, la rangi siwezi kulipinga, nimelishuhudia kwa macho. Kuna sehemu unapita unaona viwanja vimekaa vitupu mchana kutwa, na kilomita chache mbele watoto wanachora mistari ya uwanja kwa chaki juu ya lami.

Lakini Raketi, bado una deni. Taji la kwanza la Anderson kwenye ATP, mzunguko mkuu wa wanaume wa kulipwa, alilipata wapi? Johannesburg, Februari 2011, akimfunga Somdev Devvarman wa India kwenye fainali. Kijana anacheza mbele ya watu wake, kwenye mwinuko ule ambao mpira unapaa na sevu ya mtu wa mita mbili na sentimita tatu inakuwa balaa. Pointi hizo za kupandia orodha ya dunia alipewa na nyumbani. Hilo nalo la Wamarekani?

Raketi ya Mbao:

Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Mashindano hayo yalirudi 2009, Tsonga akachukua. 2010 akachukua Feliciano López. 2011 akachukua Anderson. Kisha yakafutika kwenye kalenda! Nchi imepata bingwa wake, mwaka unaofuata hana mahali pa kutetea taji. Tangu hapo Afrika Kusini haijawa na mashindano ya ngazi ya ATP Tour. Na si kwamba hakuna watazamaji. Februari 2020 Federer na Nadal walicheza mechi ya hisani Cape Town mbele ya watu 51,954. Watu wapo, na siku ile hata pesa ilionekana. Ilikuwa ya usiku mmoja tu.

Niwaeleze kwa wasiojua kwa nini hili ni zito kuliko Davis Cup. Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanaume inaitwa M15, zawadi zote kwa pamoja dola 15,000. Bingwa anaondoka na dola 2,160 na pointi 15. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata dola 156 na pointi sufuri. Kijana wa Kihispania au Kiitaliano anapanda treni, anacheza wiki hii mji huu, wiki ijayo mji wa jirani, usiku analala kwao. Kijana wa Durban, Dar au Bujumbura analipia ndege, viza na hoteli ili apiganie hizo dola 156. Hata akishinda mechi mbili tatu, anarudi ana hasara. Chuo cha Marekani kinakuwa kimbilio kwa sababu kinampa chakula, kocha, uwanja na mechi kila wiki bure. Ndiyo maana nasema Illinois. Simlaumu Anderson hata kidogo, mimi ningeondoka mapema kuliko yeye.

Wa Nakuru:

Niongeze la kwetu, maana linafanana mno. Angella Okutoyi, mtoto wa Nairobi aliyelelewa na nyanya yake, alishinda taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Nchi nzima ilisherehekea, viongozi wakapiga picha. Kisha akaenda wapi? Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani. Na akiwa huko bado alirudi kuivalia Kenya, akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika pale Accra mwaka 2024.

Kwa hivyo mimi simfungii mtu mlango kwa kuondoka. Yule wa Davis Cup na huyu wa Accra wote waliondoka. Mmoja aliitika, mwingine aliacha kuitika. Tusiwapime kwa anwani ya nyumba.

Mzizima:

Mbona hamumtaji Ons Jabeur? Alikulia kwenye shule ya michezo ya serikali Tunis, chuo cha Marekani hakukigusa, na akafika namba 2 duniani na fainali mbili mfululizo za Wimbledon, 2022 na 2023. Kumbe Mwafrika anaweza kupanda bila kupitia kwa Wamarekani.

Mbongo wa Jozi:

Mzizima, Tunisia iko pua na mdomo na Ulaya, na yenyewe inaandaa mashindano madogo mwaka mzima pale Monastir, wiki baada ya wiki. Hapo naona nimempa Raketi silaha. Sawa, achukue.

Mwalimu wa Viti Mwendo:

Wote mmezungumza kana kwamba tenisi ya Afrika Kusini iliishia kwa Anderson alipostaafu Mei 2022. Kgothatso Montjane je? Mtoto wa Limpopo, alizaliwa na ulemavu, mguu ukakatwa akiwa na miaka 12, raketi akaishika akiwa na miaka 19. Chuo alisoma Venda, huko huko kwao. Mwaka 2021 alicheza fainali mbili za viti mwendo Wimbledon, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili. Mwaka 2023 akatwaa taji la wawili wawili Roland Garros, Ufaransa, na Yui Kamiji wa Japani, na mwaka 2024 wakalitwaa la Wimbledon.

Nafundisha mchezo huu, naujua. Mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na mdundo wa pili unaweza kuwa nje ya mistari. Wasiojua wanadhani hiyo inarahisisha. Jaribu kusukuma magurudumu kwa mkono ulioshika raketi, ugeuze kiti mgongo ukiwa kwenye neti, kisha ufike kabla ya mdundo wa tatu. Montjane amelalamika hadharani kuhusu wadhamini, na ametembea duniani miaka mingi bila timu inayoweza kufananishwa na ya Anderson. Na zawadi zenyewe: Wimbledon 2024 bingwa wa mmoja mmoja alipata pauni milioni 2.7, bingwa wa viti mwendo pauni 65,000.

Mnaotafuta mchezaji mwenye mataji ya Grand Slam ambaye hakupita Illinois wala Florida, huyo hapo. Mbona hakuwa wa kwanza kutajwa?

Nyasi Kavu:

Huyo simpingi. Wa Davis Cup bado nampinga.

Raketi ya Mbao:

Mwalimu, hoja yako inaibana mada yangu zaidi ya zote. Montjane amebaki kwao, na bado naona mzigo aliubeba mwenyewe. Kwa hiyo narudi pale pale: tusiulize sifa za nani, tuulize wiki ngapi. Kigali mwaka 2024 waliandaa mashindano ya Chalenja ya ATP, ngazi iliyo chini ya ATP Tour, kwa mara ya kwanza, na hawana bingwa wa dunia wala historia ya Ellis Park. Aliye karibu na chama chochote cha tenisi, cha Afrika Kusini au cha kwetu, atuambie mwaka huu kuna wiki ngapi za M15 na W15, yaani ile ya wanawake, kwenye kalenda, na nani analipia mipira na waamuzi.

Mwalimu wa Viti Mwendo:

Na wakizipanga hizo wiki, waulizwe kama mlango wa kuingia uwanjani una ngazi.