Tupeane uzoefu: sheria ipo, mkosaji yuko nyuma ya simu

Wakaazi wa Mombasa, tupeane uzoefu. Sheria ya makosa ya mtandaoni tunayo tangu 2018, lakini kwa yaliyomfika mamangu mdogo sijaona inamshika nani. Aliona nyumba ya kupanga Bamburi kwenye Facebook, akatuma deposti kwa simu. Asubuhi alipofika, mlinzi akamwambia nyumba ina watu na hakuna aliyeitangaza. Nikampeleka kituoni. Tukapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kwenye kikaratasi, tukaambiwa afisa lazima apate amri ya mahakama ndipo apewe rekodi za ile laini. Zilipokuja, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee wa Kitui asiyejua lolote, na pesa zilitolewa kwa ajenti siku ile ile. Askari alijitahidi, nasema kweli. Ila faili lilichukua wiki, na mwizi alihitaji dakika tu.

Mama wa Mikindani: Poleni jamani. Kwetu ni hizi programu za mikopo. Mume wangu alichelewa kulipa, wakapigia watu wote walio kwenye simu yake, hadi imamu wa msikiti wetu. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinataka wakopeshaji hawa wawe na leseni. Tulipotaka kushtaki, hakuna ofisi wala jina la mtu, na programu yenyewe imeshatoweka. Unamshtaki nani?

Mwalimu, Changamwe: Novemba 2024 iliagizwa Telegram ifungwe saa za mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, kwa sababu ya wauza karatasi za mtihani. Nia njema, lakini vijana wa mtaani kwangu waliwasha VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, wakaendelea. Aliyeumia ni muuza viatu wa Kongowea anayepokea oda huko.

Kijana wa Tudor: Na Worldcoin je, wale waliopiga picha macho ya watu na kuwapa sarafu za kidijitali? Serikali iliisimamisha Agosti 2023, lakini picha za macho walikuwa wameshazichukua. Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe Mei 2025.

Shangazi wa Likoni: Wanangu, ukigundua tu, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456. Binti yangu alifanya hivyo tukiwa bado kwenye feri, pesa zikazuiwa kabla hazijatolewa. Kituoni mtakwenda baadaye.

Ahsante shangazi. Kuna ambaye kesi yake ilifika mahakama ya Shanzu ikaisha kwa hukumu? Tuelezeni mlipeleka ushahidi gani.